Sam Cooke: Mwimbaji Aliyetaka Kumiliki Sauti Yake

Aghalabu mwimbaji mashuhuri anapofariki, watu hukumbuka alichoimba. Ni wachache wanaouliza ni nani anayebaki akikimiliki alichoimba. Swali hilo la pili ndilo litakalotuongoza leo katika kuyatazama maisha ya Sam Cooke, Mmarekani Mweusi aliyefariki mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 33 tu, na ambaye wajuzi humhesabu miongoni mwa waasisi wa muziki wa soul. Wengi wetu tunazifahamu nyimbo zake kwa masikio hata kama jina lake halitujii upesi, kwa maana zimepigwa redioni miaka nenda miaka rudi na zimeimbwa upya na watu wa kila rangi. Lisilojulikana sana ni kwamba kijana huyu mwenye sauti ya asali alikuwa pia mtu wa kusoma mikataba, na kwamba sehemu kubwa ya vita vyake ilipiganwa kwenye karatasi.

Alizaliwa tarehe 22 Januari 1931 katika mji wa Clarksdale, jimbo la Mississippi, eneo la mashamba ya pamba ambako Mweusi alifanya kazi nyingi kwa ujira haba, na ambako sanduku la kura lilikuwa kitu cha kutazamwa kwa mbali. Jina lake la ukoo liliandikwa Cook. Ile herufi ya mwisho aliiongeza mwenyewe alipokuwa mtu mzima. Babake, Charles Cook, alikuwa mhubiri wa kanisa la Kilokole. Mwaka 1933 familia ilihamia Chicago, ikifuata njia iliyofuatwa na Weusi wengi mno waliokuwa wakiikimbia dhuluma ya kusini na kutafuta kazi katika viwanda vya kaskazini.

Samuel alianza kuimba kanisani pamoja na ndugu zake katika kikundi kilichoitwa Singing Children. Alipobaleghe alijiunga na vijana wenzake wa Highway QCs. Kisha, akiwa ndiyo kwanza anaingia miaka ishirini, akaitwa kushika nafasi ambayo vijana wengi wa Chicago hawangethubutu hata kuiota: kuwa mwimbaji kiongozi wa Soul Stirrers, kundi mashuhuri la nyimbo za injili lililoanzia Texas. Nafasi hiyo ilikuwa imeachwa na R. H. Harris, mwimbaji aliyeheshimiwa kama mwalimu wa walimu. Mnamo Machi 1951 kijana huyu aliingia studioni na kundi hilo kwa mara ya kwanza, kwa niaba ya kampuni ya Specialty ya Los Angeles, na miongoni mwa nyimbo walizorekodi ni "Jesus Gave Me Water", unaosimulia habari za yule mwanamke Msamaria aliyekutana na Yesu kisimani. Wimbo huo ulimtambulisha kwa makanisa ya Weusi kote nchini.

Harris alikuwa na sauti ya kupaa, na Cooke alipojaribu kumfuata alishindwa kuzifikia noti za juu kabisa. Inasimuliwa kwamba badala ya kung'ang'ania noti asiyoiweza, aliizunguka: aliichukua irabu moja akaitembeza juu na chini ya noti kadhaa kabla ya kutua. Upungufu ukageuka nakshi, na nakshi ikawa alama yake ya kutambulika. Sisi tunaoshughulika na fonetiki tuna la kujifunza hapo. Konsonanti za Cooke husikika waziwazi, kila neno limetamkwa likatamkika, na mapambo yote yametundikwa kwenye irabu. Ndiyo maana msikilizaji hapotewi na maana hata pale sauti inapozunguka mithili ya kishada angani.

Huo ndio uliokuja kuitwa muziki wa soul, yaani wa roho: namna ya kuimba iliyozaliwa mimbarini ikahamishiwa kwenye maneno ya kidunia. Uhamisho wenyewe tunaweza kuushuhudia katika wimbo mmoja mahususi. Mwishoni mwa 1956 Cooke alirekodi wimbo wa mapenzi uitwao "Lovable", uliotolewa mapema mwaka uliofuata kwa jina la kupanga la Dale Cook. Lahani yake haikuwa mpya. Ilikuwa ya wimbo wa Soul Stirrers wa kumsifu Mungu, ambao maneno yake machache yalibadilishwa: palipotajwa Mungu pakawekwa msichana, na sifa ya utukufu ikageuka sifa ya kupendeka. Kiingereza kilimlazimisha abadilishe hata kiwakilishi, kwa kuwa kiwakilishi cha mwanamume si kile cha mwanamke. Lau angekuwa anatunga kwa Kiswahili, neno "yeye" lingemtosha pande zote mbili, na pengine waumini wangechelewa zaidi kung'amua kwamba anayesifiwa amebadilika. Lakini waling'amua papo hapo, maana sauti ile haikuweza kufichwa nyuma ya jina bandia.

Kwa waumini wengi jambo hilo lilikuwa usaliti. Mwimbaji wa injili aliyekwenda kuimba mapenzi alionekana ameuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa sahani ya dengu. Jamaa zake husimulia kwamba babake mhubiri hakuliona hivyo. Kwa mzee, kuimba ilikuwa kazi ya kutafutia riziki, na wokovu ulikuwa jambo jingine; aliyejaaliwa sauti na aitumie kuwafurahisha watu. Sam akaondoka kwenye kundi mwaka 1957.

Tarehe 1 Juni mwaka huo alirekodi wimbo alioutunga mwenyewe, "You Send Me", chini ya usimamizi wa Bumps Blackwell, aliyekuwa ameshughulikia nyimbo za Little Richard. Mwenye kampuni ya Specialty, Art Rupe, alipoingia studioni akakuta waitikiaji wa Kizungu wakimwitikia Cooke kwa ulaini, alihamaki. Biashara yake ilikuwa kuuza muziki wa Weusi ulio na moto wa kanisa, na wimbo huu aliuona hauna chumvi. Mzozo ulimalizika kwa Blackwell na Cooke kuondoka na kanda yao, naye Blackwell akiachilia mirabaha aliyokuwa akidai. Rupe alidhani amewaondoa wasumbufu wawili kwa bei nafuu. Wimbo ukatolewa na kampuni changa iitwayo Keen, na kabla ya mwaka kwisha ulikuwa umeshika nafasi ya kwanza katika orodha ya muziki wa Weusi na pia katika ile ya taifa zima, ukiuza zaidi ya nakala milioni moja. Mnamo Novemba Cooke alialikwa kwenye kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan, akakatwa katikati ya wimbo kwa sababu muda wa kipindi ulikuwa umekwisha. Malalamiko ya watazamaji yalikuwa mengi hata akaalikwa tena Desemba.

Msomaji aliyeitazama kwa makini santuri hiyo ya kwanza angegundua kioja. Mtunzi aliyetajwa si Sam bali L. C., nduguye mdogo. Sababu ni kwamba Rupe alikuwa bado na madai juu ya uchapishaji wa nyimbo za Sam, na njia ya kuuponyesha wimbo ilikuwa kuuandikisha kwa jina la mtu mwingine wa nyumbani. Kwa hivyo wimbo uliomfanya ajulikane kote Marekani ulimlazimu auweke chini ya jina lisilo lake. Sidhani kama somo hilo lilimtoka akilini.

Hapa yafaa tusite kidogo tueleze jambo ambalo limewaangusha wasanii wengi. Wimbo mmoja una mali mbili ndani yake. Mali ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na lahani. Mali ya pili ni rekodi, yaani sauti iliyonaswa siku fulani katika studio fulani. Mtu mwingine akiuimba wimbo wako upya, rekodi yako haihusiki, lakini utunzi wako unahusika na unastahili malipo. Mapato ya utunzi nayo kwa desturi hugawanywa baina ya mtunzi na mchapishaji, ambaye kazi yake ni kuusajili wimbo, kuufuatilia na kukusanya ada. Mwimbaji asiyemiliki uchapishaji wake huachia nusu ya jasho lake kabla hajaingia studioni. Katika miaka ya 1950 waimbaji Weusi wengi waliachia yote, mara nyingine kwa gari jipya na mkupuo mdogo wa fedha.

Aliyemfumbua macho Cooke alikuwa J. W. Alexander, mwimbaji wa zamani wa kundi la injili la Pilgrim Travelers, aliyekuwa amejifunza siri za biashara hiyo kwa taabu. Wawili hao wakashirikiana katika kampuni ya uchapishaji iitwayo Kags Music, na mwaka 1959 wakaanzisha kampuni ya kurekodi, SAR, wakiwa na Roy Crain, msimamizi wa Soul Stirrers. Herufi hizo zilitokana na majina yao watatu: Sam, Alex na Roy. Miongoni mwa wa kwanza kurekodiwa na SAR walikuwa Soul Stirrers wenyewe, kundi lile lile ambalo Cooke alidaiwa kulisaliti, sasa likiongozwa na kijana Johnnie Taylor. Mwaka 1960 Cooke alitia saini na RCA Victor, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za Marekani. Kwa RCA aliimba "Chain Gang", "Cupid", "Twistin' the Night Away" na "Bring It On Home to Me", na nyimbo hizo alizitunga yeye mwenyewe.

Faida ya mpango huo ilidhihirika kwa njia ambayo haikutarajiwa. SAR ilikuwa imewachukua ndugu watano wa ukoo wa Womack kutoka Cleveland, wana wa mzazi mwingine aliyechukia kuona watoto wake wakiiacha injili. Kwa jina la Valentinos walitoa mwaka 1964 wimbo "It's All Over Now", uliotungwa na Bobby Womack na shemejiye Shirley. Kabla wimbo haujakomaa sokoni, vijana wa Kiingereza waitwao Rolling Stones wakaurekodi upya, na Julai mwaka huo ukawa wimbo wao wa kwanza kushika nafasi ya juu kabisa Uingereza. Bobby Womack alikasirika. Alitaka Waingereza watafute wimbo wao. Cooke ndiye aliyemtuliza. Miaka mingi baadaye Womack alikuwa akisimulia kwa kicheko kwamba hundi ya kwanza ya mirabaha ilipomfikia, hasira ilimwisha na akawa radhi Rolling Stones wachukue wimbo wowote wautakao.

Hata hivyo, tusije tukamfanya Cooke karani wa mikataba tu. Alikuwa fundi wa kusoma hadhira. Wanaisimu husema kwamba msemaji stadi hubadilisha sajili kulingana na mahali na watu, na Cooke alilifanya hilo kwa sauti. Januari 1963 aliimba katika ukumbi wa Harlem Square Club mjini Miami mbele ya hadhira ya Weusi, kwa sauti ya kukwaruza, akiwaita nao wakimwitikia kana kwamba wako ibadani. RCA walizirekodi tumbuizo hizo, wakaziona kali mno kwa mnunuzi wa Kizungu, wakazifungia kabatini hadi mwaka 1985. Katika kiangazi cha 1964 aliimba Copacabana, ukumbi wa matajiri wa New York ambako miaka sita kabla alikuwa ameshindwa kuwateka wasikilizaji. Safari hii aliwapa ulaini na suti nadhifu, na santuri ikatolewa mwaka huo huo. Ukizisikiliza rekodi hizo mbili mfululizo utadhani ni waimbaji wawili. Kila upande wa Marekani uliuziwa nusu ya Sam Cooke, na ule wa Weusi ndio uliosubiri zaidi ya miaka ishirini.

Kadhalika alijua kwamba umaarufu una mpaka wake. Mwaka 1961 yeye na mwimbaji mwenzake Clyde McPhatter walikataa kuimba Memphis kwa sababu watazamaji Weusi walikuwa wametengwa na Wazungu ukumbini. Tarehe 8 Oktoba 1963, mjini Shreveport, jimbo la Louisiana, alifika na mkewe Barbara pamoja na wenzake katika hoteli walikokuwa wameagiza vyumba kwa simu. Karani alipowaona akasema hakuna nafasi. Cooke alikataa kunyamaza. Mkewe alimsihi waondoke, akihofia kwamba watauawa, na walipofika kwenye hoteli nyingine iliyopokea Weusi walikuta polisi wakiwasubiri. Walitiwa mbaroni kwa kosa la kuvuruga amani. Santuri milioni moja hazikuweza kumnunulia kitanda cha usiku mmoja.

Mwaka huo ulikuwa mzito kwake. Mnamo Juni mwanawe mchanga, Vincent, alikuwa amekufa maji katika kidimbwi cha kuogelea cha nyumbani. Isitoshe, alikuwa amesikia wimbo wa Bob Dylan, "Blowin' in the Wind", na ukamwacha na fadhaa kwamba kijana wa Kizungu ndiye aliyeyasema hayo kabla yake. Kutokana na hayo yote alitunga "A Change Is Gonna Come", akaurekodi mwishoni mwa Januari 1964, huku René Hall akipanga ala za nyuzi na tarumbeta kama za msafara wa heshima. Ni wimbo wa mtu aliyechoka lakini asiyekata tamaa, na usemi wake ni wa nafsi ya kwanza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo uzito wake ulipo. Cooke hakuhubiri kwa niaba ya taifa. Alisema habari za mtu mmoja anayefukuzwa mahali, na kila aliyewahi kufukuzwa akajikuta ndani yake. Aliuimba hadharani mara moja tu, kwenye televisheni mnamo Februari 7, na kanda ya kipindi hicho haikuhifadhiwa. Santuri ndogo ya wimbo huo ilipotayarishwa kwa ajili ya redio, ubeti unaotaja kukatazwa kutembea mjini uliondolewa.

Ni katika majira hayo hayo ambapo Cooke alimpokea mtu ambaye angeamua hatima ya mali yake. Allen Klein, mhasibu wa New York, alivikagua vitabu vya RCA mwaka 1963 na kumtolea Cooke fedha alizokuwa hajalipwa. Kisha akamfungia mkataba mpya uliosifiwa kote. Iliundwa kampuni iitwayo Tracey, jina la bintiye Cooke, ambayo ndiyo ingetengeneza rekodi na kuwapa RCA haki ya kuziuza tu. Kwa sura ya nje, Mweusi alikuwa hatimaye amekuwa mwenye rekodi zake. Kisheria, mwenye Tracey alikuwa Klein.

Tarehe 11 Desemba 1964 Cooke alipigwa risasi na meneja wa nyumba ndogo ya wageni mjini Los Angeles. Meneja huyo, mwanamke, alieleza kwamba alikuwa akijitetea, na baraza la uchunguzi likakubali maelezo yake baada ya kikao kifupi. Jamaa na marafiki wengi hawakuridhika na uchunguzi huo, na mjadala haujazimika. Maelfu walijitokeza kumuaga Chicago na Los Angeles. Siku kumi na moja baada ya kifo chake, santuri ndogo yenye ule wimbo wa mabadiliko ilitolewa, ukiwa umewekwa upande wa pili.

SAR haikuishi muda mrefu bila yeye. Haki za rekodi zake za miaka ya mwisho, pamoja na nyimbo zilizokuwa mikononi mwa Kags, zikaishia katika kampuni ya Klein iliyokuja kuitwa ABKCO. Wale Rolling Stones walioimba wimbo wa Womack nao walimwajiri Klein, na wakajikuta rekodi zao za miaka ya 1960 ziko mikononi mwake. Klein alifariki mwaka 2009, lakini kampuni ilibaki.

Je, basi Cooke alishindwa? Ukipima kwa hati alizowaachia warithi wake, jibu ni chungu. Ila haifai kupima kwa hati tu. Otis Redding na Aretha Franklin walizichukua nyimbo zake muda mfupi baada ya kifo chake. Mwaka 2007 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza wimbo wa mabadiliko katika hazina ya rekodi za kuhifadhiwa milele. Mwaka 2019 meya wa Shreveport aliiomba radhi familia yake kwa yale ya 1963. Zaidi ya hayo, aliwaonyesha waimbaji Weusi waliomfuata kwamba mtunzi anaweza kukaa upande wa pili wa meza, pale wanapokaa wenye kampuni.

Kwetu sisi, ambako msanii bado huletewa karatasi saa ya kuingia studioni na kuambiwa atie saini upesi kwa sababu muda unalipiwa, maisha haya yana onyo la aina mbili. La kwanza ni lile alilolijua Cooke: usiimbe kabla hujajua ni nani atakayeandikwa kuwa mwenye wimbo. La pili lilimpata yeye mwenyewe, nalo ni gumu zaidi, kwa kuwa halimhusu adui. Alimlinda mtunzi dhidi ya kampuni zilizomdhulumu, kisha akampa ufunguo mtu aliyekuwa amemtendea wema. Msanii na ausome mkataba wa rafiki kwa jicho lile lile alilosomea mkataba wa mgeni.